Beki Msemaji

Dickson Job si mrefu. Kwenye vibanda umiza vya Kilwa Masoko, Yanga inapocheza, hakosekani mtu wa kuuliza beki huyu wa kati ataruka vipi na mshambuliaji aliyejaliwa kimo cha mnazi. Swali ni la haki, na jibu lake ndio ufundi ninaotaka kuusifu. Job hategemei kuruka. Yeye huwahi. Mpira ukiwa bado miguuni mwa mpiga krosi, ameshageuza shingo kutazama nyuma, ameshamsogeza mwenzake kwa kiganja, ameshasema neno.

Unahodha uko hapo, kwenye kuona mapema na kusema kwa wakati. Kitambaa cha mkononi ni habari nyingine. Sheria ya 3 ya mpira wa miguu inatamka wazi kwamba nahodha hana hadhi wala upendeleo wa pekee. Anabeba tu sehemu ya dhamana ya mwenendo wa timu yake. Walioiandika waliijua kazi hii kuliko sisi tunaomvisha kitambaa mfungaji mwenye jina kubwa, kama zawadi ya sikukuu.

Job alikivaa akiwa kijana. Mei 2017 aliiongoza Serengeti Boys, timu ya vijana ya Tanzania, nchini Gabon, kwenye fainali za Afrika za vijana wa chini ya miaka 17. Walitoka suluhu na Mali, waliokuja kutwaa ubingwa, wakaifunga Angola 2-1, kisha Niger ikawafunga 1-0. Tanzania na Niger zikalingana kwa pointi nne, lakini Niger ilikuwa imemshinda mwenzake, basi ikasonga mbele na kupata tiketi ya Kombe la Dunia la vijana India. Sare siku ile ingetosha. Kwa beki, hesabu ya namna hiyo haisahauliki upesi.

Kilichofuata ndicho ninachokiheshimu zaidi. Alikwenda kucheza Mtibwa Sugar, kule Manungu, Turiani, kwenye mashamba ya miwa, na Januari 2021 akasajiliwa Yanga. Huko akamkuta Bakari Mwamnyeto, beki wa kati kama yeye, aliyetokea Coastal Union ya Tanga, na ndiye aliyekuja kuwa nahodha. Kijana aliyewahi kuongoza taifa akarudi kuongozwa. Yanga ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023, ikafungwa 2-1 nyumbani na kushinda 1-0 Algiers, USM Alger wakachukua kombe kwa bao la ugenini, nahodha alikuwa Mwamnyeto. Baadaye kitambaa kilipoanza kumfikia Job, ukelele wake uwanjani haukubadilika. Alikuwa akipanga ukuta muda wote ule, bila cheo.

Huku kwetu Kilwa, njia ya kufika Ligi Kuu imekuwa fupi tangu Namungo ya Ruangwa ipande mwaka 2019. Mwaka uliofuata ilicheza fainali ya Kombe la FA kule Sumbawanga, ikafungwa na Simba 2-1, ikapata nafasi ya Afrika na kufika hatua ya makundi. Mtoto wa Kilwa anajua sasa kwamba ukipita Nangurukuru, Mingoyo na Nanganga, utaukuta uwanja wa ligi. Ila wanaokuja kutafuta vipaji mchangani wanahesabu chenga na mabao. Sijamsikia hata mmoja akiuliza nani anapanga wenzake.

Na chandimu ndiyo shule ya kazi hiyo. Hakuna refa, hakuna chaki, goli ni ndala mbili, na kila mpira uliotoka una kesi. Wanabishana, wanashikana fulana, mmoja anataka kuondoka na mpira kwa sababu ni wa kwao. Halafu anajitokeza yule wa nyuma, ambaye hajafunga wala hajapiga chenga, anawaambia wa upande wake kwamba mpira umemgusa mwenzao, warudi nafasi zao. Wanamtukana kidogo. Wanarudi.