Vidole Vingapi?

Wapo mafundi baiskeli wanaotengeneza chombo, wakapokea hela na kukukabidhi. Wapo pia wachache, wengi wao wazee sasa, wasiomwachia mtoto baiskeli mpaka wajue kwamba ana macho ya nyuma. Mmoja wa hao yuko Tabora, kijiwe chake kiko chini ya mwembe, na benchi lake nimelikalia hata siku ambazo baiskeli yangu ilikuwa nzima.

Mzazi akija na mwanawe na baiskeli mpya, mzee huanza kwa kuibomoa. Hukishusha kiti mpaka nyayo zote mbili za mtoto zikanyage chini, halafu hushika spana na kuzifungua pedeli. Ya kushoto hufunguka kinyume, na kila mara hufurahi kumwonyesha mtoto jambo hilo kana kwamba anamfichulia siri ya ukoo. Mzazi hubaki ameduwaa. Baiskeli isiyo na pedeli ni baiskeli gani? Mtoto, yeye, keshaanza kujisukuma kwa miguu uwanjani: hatua fupi, kisha ndefu, mwisho miguu yote iko hewani. Akiyumba, ardhi iko karibu. Pedeli hurudishwa siku mtoto anapoacha kutazama miguu yake.

Wengi wetu tulifundishwa na kaka aliyekimbia nyuma ameshika keria, akaachia kimyakimya, tukajikuta mtaroni. Mzee hashiki keria, wala usukani. Huweka kiganja mgongoni mwa mtoto, kati ya mabega, bila kubana. Ukimshikia usukani, husema, umeendesha wewe.

Lakini ufundi ambao ningependa uandikwe mahali kabla haujapotea ni wa kutazama nyuma. Kwetu gari humpita mwenye baiskeli upande wa kulia. Kwa hiyo kabla ya kukata kona ya kulia, au kukwepa shimo, sharti uchungulie juu ya bega la kulia. Hapo ndipo penye kazi. Kichwa kikigeuka bega hufuata, bega likifuata usukani huvutwa, na baiskeli inaingia barabarani palepale lori linapopita. Mzee huchora mstari mrefu mchangani kwa kijiti, akamwambia mtoto aufuate, kisha yeye hubaki nyuma na kunyanyua mkono.

"Vidole vingapi?"

"Vitatu, babu!"

"Na mstari uko wapi?"

Mtoto hutazama chini. Mstari ameshauacha, tena mbali. Anarudi mwanzo, hakuna kofi wala kelele. Nimeshuhudia zoezi hilo likirudiwa mpaka jua likatua na mama wa mtoto akaanza kununa, na mzee bado ananyanyua vidole. Hamruhusu mtoto kwenda barabarani mpaka ataje hesabu sawasawa na gurudumu lisitoke kwenye mstari.

Waingereza, waliotuuzia Raleigh za Nottingham, mwaka 1958 waliwawekea watoto wao mpango wa kitaifa wa mafunzo na mtihani wa baiskeli. Huku kwetu baiskeli ilidaiwa leseni. Baadaye zikaja Phoenix za Shanghai, tukawa na Swala zetu za Dar es Salaam, vyombo vizito ambavyo mtoto alijifunzia akiwa amepenyeza mguu chini ya mtambaapanya kwa kuwa kiti hakifikiki. Breki zilikuwa za vyuma, na rimu za chuma. Zikilowa mvua, unabana na chombo kinaendelea na safari yake. Aliyekulia juu ya baiskeli hizo alijua kubana mapema. Mpaka leo mzee huimwagia rimu maji ya kopo makusudi, ili mtoto ayaone mwenyewe kabla masika hayajamwonyesha.

Siku hizi zinashushwa za mtumba kutoka Japani, nyepesi, zina gia, mtoto anaipanda siku hiyohiyo. Raba za breki zilikwisha kwa mtoto mwingine huko zilikotoka, waya umelegea, kengele haipo. Mzazi amekagua rangi. Mwenye uwezo hununua na kofia ngumu, nayo inafaa sana, ila akishaivalisha huona amemaliza kazi ya malezi. Barabara nazo zimewekwa lami laini, bodaboda wanapita kushoto na kulia, na mwenye baiskeli hakukumbukwa kwenye vipimo.

Nisiwasahau waliojitahidi. Mradi wa shirika la Amend wa kukagua na kurekebisha barabara za karibu na shule, ambao Dar es Salaam inaujua vizuri, ulipata Tuzo ya WRI Ross mwaka 2019, na ulistahili. Tuta humpunguza dereva mwendo. Kumzoeza mtoto kugeuza shingo bila kugeuza usukani kunataka mtu mzima mwenye jioni nzima ya kupoteza, na jioni hizo sasa tumezipa simu.

Mzee hatozi kufundisha. Hutoza kiraka na solusheni. Kijana aliyekuwa akimshikia spana amehamia kijiwe cha pikipiki ng'ambo ya barabara, kwenye malipo ya maana. Simlaumu, ana familia. Wanawe wawili niliwakuta juzi wamepakizana wanashuka kuelekea reli, na breki yao ni soli ya kandambili.