Nyimbo Thelathini za Ramones: Uchaguzi na Mpango katika Mkusanyo Mmoja

RAMONES MANIA. Sire Records, 1988. Nyimbo 30.

Mtu akusanyaye tungo za mtunzi mmoja hukabiliwa na maswali mawili kabla ya kuanza kazi: zipi ziingie, na zifuatane vipi. Wahariri wa diwani wayajua maswali hayo tangu zamani, na kila mhariri huyajibu kwa namna ambayo hudhihirisha maoni yake juu ya mtunzi. Katika biashara ya santuri maswali hayo aghalabu hayaulizwi, kwa kuwa jibu hutolewa na soko: nyimbo zilizouzwa sana ndizo ziingiazo, na iliyouzwa kuliko zote hutangulia. Kwa sababu hiyo mikusanyo ya nyimbo zilizovuma hudhaniwa kuwa haistahili uhakiki. Ramones Mania, uliokusanywa kutoka katika kazi yote ya bendi ya Ramones hadi mwaka 1987, hauelezeki kwa kanuni hiyo ya soko, na ndiyo maana wastahili kuchunguzwa.

Ramones walianza mwaka 1974 huko Forest Hills, katika mtaa wa Queens, mjini New York. Walikuwa vijana wanne wasio ndugu, walakini kila mmoja alijitwalia jina la ukoo la Ramone: Joey mwimbaji, Johnny mpiga gitaa, Dee Dee mpiga besi, na Tommy mpiga ngoma. Jina hilo lilitokana na Paul Ramon, jina la bandia ambalo Paul McCartney aliwahi kulitumia. Mnamo Agosti 1974 walianza kupiga katika kilabu cha CBGB, na mwezi wa Aprili 1976 wakatoa santuri yao ya kwanza, yenye nyimbo 14 zisizotimiza nusu saa. Muziki huo ukaitwa panki. Msomaji wa Kiswahili yamkini alijua neno hilo kwa mtindo wa kunyoa nywele, naye atastaajabu akitazama picha za Ramones, kwa maana wao waliachia nywele zikafunika nyuso, wakavaa makoti mafupi ya ngozi na suruali za jinzi zilizochanika magotini, na sare hiyo hawakuibadilisha hata walipoagana na wasikilizaji wao tarehe 6 Agosti 1996, baada ya maonyesho 2,263.

Jambo la kwanza la kutiliwa maanani ni kwamba Ramones hawakuwa na nyimbo zilizovuma kwa maana ya kibiashara. Huko Marekani wimbo wao uliopanda juu kuliko zote katika orodha ya mauzo ni “Rockaway Beach”, nao ulifika nafasi ya 66 tu. Uingereza iliwapokea vizuri zaidi, na mwaka 1980 wimbo wao “Baby, I Love You” ulifika nafasi ya 8. Basi kama mkusanyaji angalifuata soko, wimbo huo ndio ungalitangulia. Kinyume chake, haumo kabisa.

Sababu ya kuachwa kwake si kwamba ni wimbo wa kuazima, ijapokuwa ni kweli kwamba uliimbwa kwanza na The Ronettes mwaka 1963. Katika mkusanyo huu zimo nyimbo nyingine za kuazima: “Needles & Pins” na “Indian Giver” zote mbili ziliimbwa na wengine katika miaka ya 1960. Tofauti yaonekana katika namna wimbo ulivyotengenezwa. “Baby, I Love You” ulisimamiwa na Phil Spector, nao wapambwa kwa fidla nyingi. Sauti ni ya Joey, lakini wenzake hawakupiga ala zao ndani yake. Mkusanyaji, kwa kuuacha, amehukumu kwamba jina Ramones ni jina la watu wanne wanaopiga pamoja, na kwamba sauti ya mwimbaji peke yake haitoshi kulibeba. Hukumu hiyo ni ya haki. Yapasa kusifiwa, kwa sababu ilimlazimu aiache bidhaa iliyouzwa ili kuilinda maana ya jina.

Jambo la pili ni mgawanyo wa nyimbo. Kufikia mwaka 1987 Ramones walikuwa wametoa santuri kumi za studio. Wahakiki wengi huziheshimu nne za kwanza, yaani zile za 1976 hadi 1978, na kuzitazama zilizofuata kama kazi ya watu waliochoka. Mkusanyaji hakukubali maoni hayo moja kwa moja. Katika nyimbo 30, zile zitokazo katika santuri nne za kwanza ni 14. 16 zilizobakia ni za mwaka 1979 na baadaye. Rocket to Russia ya 1977 imetoa tano, idadi kubwa kuliko santuri nyingine yoyote. Lakini Too Tough to Die ya 1984 imetoa tatu, sawasawa na santuri ya kwanza yenyewe. Kwa hesabu hii, Ramones wa miaka ya 1980 wamepewa kiti kilicho sawa na cha wale wa miaka ya 1970.

Hesabu, hata hivyo, ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni mpango, na hapo ndipo penye mgogoro. Nyimbo hazikupangwa kwa tarehe. Mkusanyo wafunguliwa na “I Wanna Be Sedated” ya 1978. “Blitzkrieg Bop”, wimbo wa kwanza wa santuri ya kwanza, ambao kwa kila hali ndio mlango wa bendi hii, umewekwa wa tisa. Na “I Wanna Live” ya 1987 imepachikwa ya saba, kati ya nyimbo mbili za 1977. Msikilizaji asiyejua historia hatatambua kwamba amevuka miaka kumi na kurudi. Gitaa ni lile lile, likipigwa kwa mkono uteremkao tu bila kupanda. Mwendo ni ule ule. Na kwa kuwa nyimbo zote 30 zaenea katika sidii moja, wastani wa kila wimbo hauzidi sana dakika mbili na nusu. Kwa kuchanganya tarehe, mkusanyaji adai kwamba Ramones hawana ujana wala uzee, na kwamba walichokijua mwaka 1976 ndicho walichokijua mwaka 1987.

Dai hilo lina nguvu, na kwa msikilizaji mgeni lina faida kubwa, maana lamwonyesha umoja wa kazi kabla ya kumwonyesha mabadiliko yake. Lakini mchanganyiko ukichunguzwa kwa makini waonekana si wa haki kama ujionyeshavyo. Katika nyimbo 13 za mwanzo, 11 ni za santuri nne za kwanza, moja ni ya 1980 na moja ya 1987. Katika 17 zifuatazo, tatu tu ni za kale. Maana yake ni kwamba mkusanyaji ametoa kwa mkono mmoja na kupokonya kwa mkono wa pili: idadi yasema kwamba vipindi viwili ni sawa, bali mpango wasema kwamba cha kwanza ndicho cha kusikilizwa kwanza. Wimbo wa saba, “I Wanna Live”, wafanya kazi ya mgeni mmoja aliyealikwa ili karamu isisemwe kuwa ni ya ukoo tu.

Hasara ya mpango huu yadhihirika zaidi katika nyimbo ambazo zahitaji jirani zake. “Do You Remember Rock ’n’ Roll Radio?” ni wimbo wa 1980, nao waomba kwamba redio ya zamani ikumbukwe. “We Want the Airwaves” ni wa 1981, nao waacha kuomba, wadai mawimbi ya redio kama haki. Nyimbo hizi mbili ni sehemu mbili za hoja moja, hoja ya watu ambao redio za nchi yao hazikupenda kuwapiga. Na mtu azisikilizapo kwa kufuatana husikia ombi likigeuka dai katika muda wa mwaka mmoja. Katika Ramones Mania moja ni ya tatu na nyingine ni ya 25. Hoja imekatwa katikati, na kila nusu yabaki kama mzaha tu juu ya redio.

Ndivyo ilivyo pia kwa “Bonzo Goes to Bitburg”. Tarehe 5 Mei 1985 Rais Ronald Reagan alizuru makaburi ya askari huko Bitburg, Ujerumani ya Magharibi, ambako walizikwa pia watu wa Waffen-SS. Joey, aliyezaliwa katika jamaa ya Kiyahudi, aliudhika, na wimbo ukatolewa Uingereza mwaka huo huo. Bonzo ni jina la sokwe wa filamu ya 1951 ambayo Reagan aliigiza. Johnny, aliyekuwa mfuasi wa Reagan, hakulipenda jina hilo. Na wimbo ulipoingizwa katika santuri ya 1986 ulipewa jina jingine, la kwanza likasukumwa ndani ya mabano. Huo ni mfano wa nadra wa mgogoro wa siasa ndani ya bendi ulioacha alama katika anwani ya utungo. Katika mkusanyo wimbo huo ni wa 17, nyuma ya kejeli ya 1977 juu ya jamaa ijidaiyo kuwa yenye furaha. Yamkini mkusanyaji alikusudia kejeli mbili zikae pamoja. Hata hivyo wimbo uliozaliwa na siku moja katika kalenda hauwezi kuvuliwa tarehe yake bila kudhoofika, na mpango wenyewe hausaidii kuirudisha.

Kwa upande wa lugha, mkusanyo huu wafunua jambo lisilotajwa mara nyingi. Mashairi ya Ramones yajengwa kwa maneno machache yarudiwayo, na kitenzi kikuu ni kile cha kutaka. Katika anwani 30 za mkusanyo, tano zina kitenzi hicho, na nne kati ya hizo ni za nafsi ya kwanza umoja. Walakini katika santuri za mwanzo kutaka kulikwenda sambamba na kukataa. Santuri ya 1976 ina anwani mbili zianzazo kwa “I Wanna” au “Now I Wanna”, na mbili zianzazo kwa “I Don’t Wanna”. Mizani hiyo si ya bahati. Kama vile katika Kiswahili nataka na sitaki hutenganishwa na kiambishi na irabu moja tu, vivyo hivyo katika tungo hizi matakwa na makatao ni pande mbili za mtu mmoja, kijana wa mtaani asiye na cha kufanya, ambaye hujitambulisha kwa kile akikataacho sawasawa na kwa kile akitamanicho. Santuri ya 1977 ina “I Don’t Care”, na ya 1978 ina “I Don’t Want You”. Hakuna hata moja ya anwani hizo nne za kukanusha iliyoingizwa katika Ramones Mania.

Huenda ikasemwa kwamba ukanushi umo hata hivyo ndani ya uthibitisho, kwa kuwa atakaye kulazwa kwa dawa, kama katika wimbo wa ufunguzi, kwa kweli akataa kuwa macho. Jibu hilo ni zuri, lakini halitoshi. Ukanushi uliofichwa ni mzaha. Ukanushi ulio wazi ni msimamo. Muziki wa panki ulipata umaarufu wake kwa kukataa, na mkusanyo ulioondoa kila sitaki katika anwani zake umewageuza wakataaji kuwa watu wa kuchekesha. Hapana shaka hilo liliusaidia kuuzwa: mwaka 1994 ulipata cheti cha dhahabu huko Marekani, heshima ambayo santuri ya kwanza ilingoja hadi 2014.

Mwaka 1999 ulitolewa mkusanyo mwingine, Hey! Ho! Let’s Go: The Anthology, wenye nyimbo 58 katika sidii mbili, zikifuatana kwa tarehe. Bendi ilikuwa imekwisha kuvunjika, na santuri nne zaidi zilikuwa zimeongezeka baada ya 1987. Mpango huo wa pili ni mpango wa mwanahistoria: waonyesha vijana wakianza kwa haraka, wakijaribu watayarishaji mbalimbali, wakibadilisha wapiga ngoma, wakirudi walikotoka. Kwa mtafiti huo ndio wa kutumiwa. Lakini una udhaifu wake, kwa maana tarehe humfanya kila mtu asikie kupungua kwa nguvu hata pale ambapo nguvu haikupungua. Na “Psycho Therapy” ya 1983 au “Wart Hog” ya 1984, ambazo katika Ramones Mania zasimama bega kwa bega kama nyimbo kali kuliko nyingi za mwanzo, katika mpango wa tarehe hufika wakati msikilizaji amekwisha kuamua kwamba enzi imepita.

Kwa hiyo haifai kuuchagua mmoja na kuutupa wa pili. Ramones Mania wafaulu katika kuwatetea Ramones wa baadaye kwa idadi, washindwa kuwatetea kwa mpango, na wawanyima wasikilizaji nusu ya sarufi ya bendi. Laiti mkusanyaji angaliingiza wimbo mmoja tu wa kukataa mahali pa kile kipande cha kuazima kilicho cha 29, na kuziweka nyimbo mbili za redio pamoja, mkusanyo huu ungalikuwa karibu na ukamilifu. Joey alifariki mwaka 2001, Dee Dee 2002, Johnny 2004 na Tommy 2014. Hakuna tena aliye hai katika wale wanne wa kwanza awezaye kupanga upya. Kazi hiyo imebaki kwa wahariri, nao wataombwa kuifanya mara nyingi bado. Atakayeifanya kwa haki itampasa aanze kwa kuuliza walichokikataa Ramones, kisha ndipo aulize walichokitaka.