Ingoma Nshya: Ngoma Inaponya, au Inafundisha Kusikiliza?

Makala haya yanahusu kikundi cha wanawake wapiga ngoma kiitwacho Ingoma Nshya. Kikundi hicho kilianzishwa mwaka 2004 mjini Butare, ambao leo tunauita Huye, na mwandishi na mwongozaji wa tamthilia Odile Gakire Katese, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi katika kituo cha sanaa cha Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda. Ilikuwa imepita miaka kumi tu tangu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Waliokuja kupiga ngoma walikuwa wajane na mayatima, lakini pia jamaa za watu waliotuhumiwa kushiriki katika mauaji hayo. Walisimama safu moja, kila mmoja na vijiti vyake viwili.

Mengi yamekwisha kusemwa juu ya kikundi hiki, na karibu yote ni sifa. Husemwa kwamba ngoma yao inaponya. Sisi hatupingi. Tunachouliza ni hiki: inaponya kwa njia gani? Na je, kusema kwamba sanaa fulani inaponya kunatosha kuwa tahakiki? Hoja yetu ni kwamba anayewasifu wanawake hawa kwa machozi yao tu, bila kuisikiliza ngoma yenyewe, amewanyima kile hasa walichokuja kukitafuta, yaani heshima ya kuitwa wasanii.

Jina na uzito wake

Tuanze na jina, kwa kuwa sisi ni watu wa lugha. Katika Kinyarwanda, ingoma ni ngoma, lakini pia ni enzi au utawala. Tunaposimulia mambo ya zamani tunasema jambo fulani lilitukia “ku ngoma ya” mfalme fulani, yaani wakati wa utawala wake. Ngoma kuu ya ufalme, Karinga, ilikuwa alama ya mamlaka yenyewe hadi ufalme ulipoondolewa mwaka 1961, na mapokeo yanaeleza kwamba ilipambwa kwa mabaki ya miili ya maadui walioshindwa. Basi ngoma hapa kwetu si chombo kisicho na historia. Imebeba utawala, na imebeba damu.

Kivumishi nshya ni ndugu wa -pya ya Kiswahili. Kwa hiyo Ingoma Nshya ni ngoma mpya na, papo hapo, ni enzi mpya. Katese hakuchagua jina la kupendeza masikio tu. Mila ilikuwa imewakataza wanawake kuzigusa ngoma, na sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa kwamba ngoma ni nzito mno kwao. Kumpa mwanamke vijiti kulikuwa ni kugusa suala la nani ana haki ya kutangaza enzi.

Uzito wa kitendo hicho huonekana zaidi tukivuka mpaka. Mwaka 2014 ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Oktoba 2017 amri ya rais wa nchi hiyo ilitamka kwamba wanawake wasipige ngoma hizo, ingawa waliruhusiwa kucheza ngoma nyingine za kike. Nchi mbili jirani, lugha mbili zinazosikilizana, ala inayofanana. Kwingine mila ililindwa kwa kumzuia mwanamke, na kwingine ilifufuliwa kwa kumkaribisha. Msomaji anayedhani kwamba kikundi cha Huye ni burudani ya wageni na afikiri upya.

Neno ngoma katika Kiswahili nalo lina mengi tumboni. Ni ala, ni uchezaji, na ni shughuli yenyewe inayowakusanya watu. Ni uganga pia: tunazo ngoma za pepo, ambamo mgonjwa hatibiwi peke yake chumbani bali hutibiwa katikati ya watu, kwa mapigo na nyimbo. Mtaalamu John Janzen alilitumia neno hili hili kuwa jina la kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu uponyaji Afrika ya Kati na Kusini, kwa kuwa alilikuta katika jamii nyingi za Kibantu likiwa na maana hizo kwa pamoja. Kwa hiyo anayeshangaa kwamba ngoma inaponya ameshangaa jambo ambalo lugha zetu zililijua zamani.

Fani: sikio kabla ya mkono

Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), walitufundisha kwamba sanaa ya maonyesho inahitaji mambo manne kwa pamoja: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Kipimo hiki kinatufaa sana hapa.

Dhana inayotendeka katika Ingoma Nshya si kisa. Hakuna mhusika anayeuawa wala anayesamehewa jukwaani. Kinachotendeka ni kupatana kwa mapigo. Kwa kawaida kundi la ngoma za Rwanda huwa na ngoma saba hadi tisa. Ngoma ndogo, ishakwe, yenye sauti ya juu, ndiyo inayoweka mwendo. Nyingine huingia chini yake: inyahura, kisha zile za sauti nzito, mojawapo ikiitwa igihumurizo. Msikilizaji wa Kinyarwanda hawezi kulisikia jina hilo bila kukumbuka kitenzi guhumuriza, yaani kumtuliza mtu, kumwambia asiogope.

Ngoma hizi hazifundishwi kwa noti. Hufundishwa kwa sikio na kwa mkono. Anayeanza husikia, hukosea, husikia tena. Hapo ndipo wengi hupotoka wanapozungumzia sanaa inayotoka moyoni. Hudhani kwamba mtu aliyeumia akipewa ngoma ataipiga kwa hasira mpaka uchungu umwishe. Hiyo si ngoma. Hizo ni kelele. Anayetaka kuutoa uchungu wake wote kwa mpigo mmoja huharibu mapigo ya wenzake, na mara moja hujulikana. Mpigaji wa ngoma nzito hana budi kumsikiliza mwenye ishakwe hata kama jana hakuweza kumsalimu. Mwenye ishakwe naye hana budi kushika mwendo ambao wengine wataumudu, kwani akikimbia peke yake hana kundi.

Kwa mtazamo wetu, uponyaji uko hapo. Hauko katika kumwaga hisia bali katika kuzipa kanuni. Mwanamke ambaye kwa miaka kumi hakuna aliyehitaji sauti yake anagundua kwamba bila pigo lake wimbo una pengo. Kinyarwanda hakisemi kupiga ngoma. Husema kuvuza ingoma, yaani kuifanya iseme. Tofauti hii ndogo ya vitenzi inatosha kuwa somo zima: katika Kiswahili tunaipiga, katika Kinyarwanda tunaipa usemi.

Uwanja na watazamaji

Kuhusu uwanja, ni vyema kulinganisha. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 hadi zilipofungwa rasmi Juni 2012, mahakama za gacaca ziliwakusanya watu wa kila kijiji kusikiliza kesi zipatazo milioni 1.9. Huo ulikuwa mkusanyiko wa jamii, na ulikuwa wa lazima, kwa kuwa ukweli ulipaswa kusemwa na haki kutafutwa. Lakini katika gacaca kila aliyeketi alikuwa na cheo alichopewa na maafa: mhanga, shahidi, mtuhumiwa, au jamaa wa mmoja wao. Katika mazoezi ya ngoma, mtu hupewa cheo kingine. Ni mwenye ishakwe, ni mwenye inyahura. Kwa saa mbili anakuwa kitu ambacho mwaka 1994 haukumfanya awe.

Hatusemi kwamba mkusanyiko wa pili unaweza kuchukua nafasi ya wa kwanza. Ngoma haitoi hukumu, na anayetaka iwe badala ya haki anaibebesha mzigo usio wake. Tunasema tu kwamba jamii iliyoumia huhitaji zaidi ya aina moja ya kukutana.

Watazamaji nao ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Tiba ya faragha haihitaji watazamaji, sanaa inawahitaji. Kikundi kinapojitokeza hadharani, jirani anayetazama huona watu aliozoea kuwataja kwa majina ya misiba yao wakifanya jambo gumu, na kulifanya vizuri. Naye hulazimika kuwataja upya. Kama wangepiga vibaya, huruma ingebaki lakini heshima isingekuja. Ndiyo maana tunasisitiza ubora wa fani: mapigo yaliyonyooka si pambo la uponyaji, ni sehemu yake.

Kasoro za wasimulizi

Mwaka 2012 Lisa Fruchtman na Rob Fruchtman walitoa filamu ya hali halisi iitwayo Sweet Dreams, ambayo imekifanya kikundi hiki kijulikane mbali. Inaonesha wanawake wapatao sitini, mazoezi yao, na jinsi walivyofungua duka la aiskrimu, Inzozi Nziza, mjini Butare mwaka 2010 kwa ushirikiano na wenye duka la aiskrimu la Brooklyn, Marekani. Filamu ina utu, nayo inawaacha wanawake waseme kwa lugha yao. Hilo tunalipongeza.

Hata hivyo, tuna malalamiko. Jina la filamu limetoka dukani, halikutoka kwenye ngoma: Sweet Dreams ni tafsiri ya Inzozi Nziza. Hadithi ya duka ina mwanzo, vikwazo na siku ya ufunguzi, kwa hiyo inasimulika kwa urahisi. Hadithi ya sikio linalojifunza polepole haisimuliki hivyo. Matokeo yake, ngoma mara nyingine inakuwa muziki wa nyuma ya biashara. Hatudharau aiskrimu wala mshahara. Mwenye njaa haponi kwa mapigo matupu. Lakini mtazamaji anaweza kuondoka akiwa anajua namna duka lilivyofunguliwa, bila kujua kwamba ngoma moja huongoza nyingine.

Kasoro ya pili ni ya sisi wahakiki. Tumewageuza wanawake hawa kuwa mfano wa maridhiano, kana kwamba kila anayeshika vijiti amekwisha kusamehe. Kupatana kwa mapigo si kusamehe. Mtu anaweza kupiga ngoma kando ya mwingine kwa miaka mingi na bado akawa na neno lisilosemwa. Kumdai msamaha kwa sababu ameonekana akitabasamu jukwaani ni kumwonea mara ya pili.

Palipokomea ngoma

Inaonekana Katese mwenyewe aliliona pengo hilo, kwani ngoma ina uwezo wa kukusanya lakini haina maneno. Katika mradi mwingine, tunaoweza kuuita kwa Kiswahili Kitabu cha Uhai, alikusanya barua walizoandika wajane, mayatima na hata watu waliofanya mauaji, barua zilizoelekezwa kwa waliokufa. Kazi hiyo iliwekwa jukwaani na kuoneshwa katika tamasha la kimataifa la Edinburgh, Uskoti, mwaka 2022, wapiga ngoma wa Ingoma Nshya wakiwa jukwaani pamoja naye.

Wasomaji wa fasihi ya Kiswahili wanaufahamu uwezo wa barua. Wengi wetu tumeisoma Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ, ambamo mjane hupata nafasi ya kufikiri kwa kumwandikia rafiki aliye mbali. Katika mradi wa Katese, anayeandikiwa yuko mbali zaidi, wala hatajibu. Kwa hiyo mwandishi hawezi kuomba kitu. Anaweza kusimulia tu. Mjane humweleza mumewe mtoto amefika darasa la ngapi. Mambo madogo kama hayo humrudisha marehemu katika uhai wake, badala ya kumwacha katika namna alivyokufa. Barua ya muuaji ndiyo ngumu kuliko zote, na hadhira ina haki ya kuikataa. Tunaona ni ujasiri wa kisanaa kuiweka jukwaani bila kumlazimisha msikilizaji aipokee.

Hitimisho

Je, haya yanawahusu nini walimu na wanafunzi wa Kiswahili? Kwanza, tunapofundisha ngoma kama kipengele cha fasihi simulizi, tusiishie kuorodhesha aina na dhima. Tuwaulize wanafunzi: nani anaanza, nani anamsikiliza nani, pigo likikosekana nini hutokea? Majibu yatawafikisha kwenye maudhui kuliko orodha.

Pili, kila ifikapo tarehe 7 Aprili, siku za kumbukumbu zinapoanza, tunao darasani vijana ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1994 lakini wamerithi ukimya wa nyumbani. Mwalimu wa lugha si mshauri nasaha, na asijifanye mmoja. Lakini anaweza kutoa nafasi ya kuandika barua kwa Kiswahili kwa mtu asiyekuwepo, barua ambayo haitasomwa mbele ya wengine bila ridhaa ya mwandishi. Pengine lugha ya pili, isiyokuwa lugha ya msiba, itampa mtu umbali anaouhitaji ili aanze.

Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Walikuwa wakiionya ngoma inayotafuta sifa. Hii ya Huye imevuma hadi ng’ambo, lakini ilianza mwaka 2004 kwa mtu mmoja kumsikiliza aliyesimama kando yake. Tunawaalika wasomaji wetu wanaofika Huye waende kuisikiliza, na watakaporudi watuandikie habari za mapigo waliyoyasikia, si za machozi yao tu.