Lebo na Maana: Uhakiki wa Kozi ya Utangulizi ya Lugha za Kuweka Alama, kwa Mfano wa Tahadhari za Mvua Kangema

Kozi ya utangulizi ya lugha za kuweka alama, kama ifundishwavyo katika vyuo vingi, hufuata njia moja ambayo imekanyagwa hata ikawa ngumu. Mwanafunzi huambiwa kwanza kwamba kila lebo iliyofunguliwa sharti ifungwe. Kwamba elementi moja, iitwayo mzizi, huzibeba nyingine zote. Kwamba elementi hazipandani bali hukaa moja ndani ya nyingine kama sufuria za seti moja. Kisha hupewa orodha ya vitabu vya duka, yenye jina la kitabu, mwandishi na bei, aipange. Mwishoni hufundishwa kuandika skima, yaani sheria isemayo lebo zipi zinaruhusiwa na kwa utaratibu gani, na kutofautisha maandishi yaliyo sahihi kwa umbo na yale yaliyo halali kwa sheria. Mtihani hufuata. Akiufaulu, husemwa kuwa anaijua XML.

Hakuna lililo la uongo katika hayo. Kasoro ya kozi imo katika jambo inaloliacha nje, nalo ni kwamba kuweka lebo ni kufasiri. Mtu aandikaye lebo 'bei' kando ya tarakimu ametoa hukumu juu ya maana ya tarakimu hiyo. Katika orodha ya vitabu hukumu hiyo haionekani, kwa kuwa hakuna abishanaye kuhusu bei. Mfano huo, basi, ni mwepesi kiasi cha kulificha somo lenyewe.

Historia ya lugha hizi ingetosha kumzindua mwalimu. Goldfarb, Mosher na Lorie walipoanza kazi yao katika kampuni ya IBM mwaka 1969, walikuwa wakishughulikia nyaraka za kisheria, na wazo lililozaliwa hapo lilikuwa kwamba alama ieleze kitu ni nini badala ya kueleza kitaonekanaje kikichapwa. Wazo hilo lilizaa SGML, iliyofanywa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1986, na kutokana nayo XML, iliyotolewa Februari 1998. Swali la 'kitu hiki ni nini?' ni swali la mhakiki wa matini tangu zamani. Ajabu ni kwamba idara za lugha zimeliacha mikononi mwa idara za kompyuta, kana kwamba si lao.

Chukua utenzi. Ubeti wake una vipande vinne vya mizani 8; vitatu vya mwanzo hushirikiana kina, na cha nne hubeba kina kiendeleacho hadi tamati. Katika miswada mingi ya hati za Kiarabu, vipande vyote vinne vimeandikwa kwa kufuatana katika mstari mmoja. Katika vitabu vya chapa ya Kirumi vimepangwa kimoja juu ya kingine. Je, skima itaje mshororo mmoja wenye vipande vinne, au mishororo minne? Kompyuta haijali hata kidogo. Lakini anayechagua mishororo minne amekwisha kusema kwamba mpangilio wa mpiga chapa ndio umbo la utenzi, na anayechagua mmoja ameufuata mkono wa mnakili. Tena, sentensi ya mtunzi mara nyingi huanza katikati ya kipande na kumalizikia katika kingine, ilhali XML haikubali elementi zipandane: ama sentensi ivunjwe, ama kipande kivunjwe. Wataalamu wa Text Encoding Initiative, mradi ulioanza mwaka 1987, wameliwekea tatizo hili sura nzima katika mwongozo wao. Kozi ya utangulizi hulipita kwa kusema 'msipandanishe lebo'.

Yaweza kudhaniwa kwamba haya ni mabishano ya wasomi wasio na kazi. Hapo ndipo mfano wa Kangema unapofaa. Mji huu wa Murang'a uko kwenye miteremko ya Nyandarua upande wa mashariki, nchi ya chai na mvua nyingi, ambako udongo ukishiba maji huachia. Mvua za masika za mwaka 2018 zilileta maporomoko katika sehemu kadhaa za kaunti hiyo. Kangema pia ina kituo cha redio ya jamii kilichoanzishwa chini ya mpango wa RANET kwa ushirikiano na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ili habari za hali ya hewa ziwafikie wakulima kwa Kigikuyu. Aidha, kuna chuo cha ufundi kilichopewa jina la John Michuki, aliyekuwa mbunge wa Kangema na aliyefariki mwaka 2012 akiwa Waziri wa Mazingira. Basi mahali pamoja pana hatari, pana kipaza sauti, na pana vijana wanaojifunza ufundi. Ni vigumu kupata mahali panapostahili zaidi mfano mwema wa kozi hii.

Mfano wenyewe upo tayari. Tahadhari za hali ya hewa siku hizi huandikwa kwa muundo wa XML uitwao CAP, ambao toleo lake la 1.2 lilipitishwa na shirika la OASIS mwaka 2010, na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ni miongoni mwa zinazoutumia. Tahadhari moja huwa na sehemu ya utambulisho, kisha fungu la maelezo lenye aina ya tukio, uharaka, ukali, uhakika, maelezo kwa wananchi na maagizo ya kufanya. Fungu hilo laweza kurudiwa kwa kila lugha. Na iwapo mwandishi hakutaja lugha, sheria yaamuru ichukuliwe kuwa ni 'en-US', yaani Kiingereza cha Marekani! Mashine ya kusoma kwa sauti, ikiitii sheria hiyo, itayatamka maneno ya Kiswahili kama mtu wa Chicago. Tahadhari ya namna hiyo ni sahihi kwa umbo na ni halali kwa skima. Mtihani wa kozi ungeipa maksi zote.

Kuna jambo zito zaidi ya hilo. Uhakika wa tukio katika CAP huchaguliwa kutoka orodha fupi iliyofungwa: limekwisha kuonekana, lina uwezekano unaozidi nusu, lawezekana lakini halizidi nusu, halitarajiwi, au haijulikani. Sasa mwandishi wa fungu la Kiswahili aandikapo 'huenda ardhi ikaporomoka', je, amefasiri la pili au la tatu? 'Huenda' yabeba yote mawili bila kuona haya. 'Yaelekea ardhi itaporomoka' yakaribia la pili; 'yawezekana ardhi ikaporomoka' yakaribia la tatu. Lebo ndani ya kompyuta imeihifadhi tofauti hiyo barabara, na sentensi isomwayo redioni imeifuta. Mama aliye chini ya mteremko haioni lebo, husikia sentensi. Wanaisimu wamejaza kurasa nyingi juu ya hali za kitenzi cha Kiswahili, na hapa kazi yao ingeweza kumfaa mtu usiku wa mvua.

Maagizo nayo hayaachi kujifunua. 'Wakazi wanashauriwa kuwa waangalifu' ni sentensi isiyo na tendo ndani yake. Mtu akiitii hana la kufanya. 'Walio chini ya mteremko uliopasuka wahamie mahali tambarare kabla ya usiku' ina mtenda, ina mahali, ina wakati. Skima huzipokea zote mbili kwa uso mmoja, kwa kuwa kwake maagizo ni mfuatano wa herufi tu. Mwalimu asemaye kwamba 'halali' ndiyo daraja ya mwisho ya usahihi amemfundisha mwanafunzi kusimama mlangoni.

Hata upangaji wa aina una yake. Katika orodha ya CAP mafuriko yamewekwa chini ya hali ya hewa, na maporomoko ya ardhi chini ya jiofizikia. Kwa mtu wa Kangema, mvua na mporomoko ni jambo moja lenye mwanzo na mwisho. Waundaji waliliona hilo kwa kiasi fulani, kwani waliruhusu aina zaidi ya moja zitajwe katika fungu moja. Lakini mwanafunzi aliyelelewa kwa orodha ya vitabu, ambamo kila kitabu kina bei moja, atachagua moja na kuiacha nyingine.

Wako wapenzi wa Kiswahili watakaorukia hitimisho kwamba dawa ni kuzitafsiri lebo zenyewe. XML yaruhusu jambo hilo: jina la elementi laweza kuwa la Kiswahili, au la Kigikuyu pamoja na herufi zake ĩ na ũ. Kwa mradi wa tenzi hakuna pingamizi, na lebo 'kipande' ni bora kuliko neno lolote la kuazima. Kwa tahadhari za mvua, dai hilo ni la pupa. Lebo za CAP zimekusudiwa kusomwa na mashine za nchi nyingi, na anayezibadilisha amezinyamazisha. Palipo na deni ni ndani ya lebo, katika maneno yanayomfikia msikilizaji, na katika ile elementi ndogo ya lugha ambayo kozi haiitaji: 'sw' kwa Kiswahili, 'ki' kwa Kigikuyu.

Kozi inayofaa chuo cha Kangema, basi, ingeanzia kwenye tahadhari moja ya mvua kubwa yenye mafungu matatu: Kiingereza, Kiswahili na Kigikuyu. Mwanafunzi aandike yote matatu, ayapitishe kwenye skima, kisha amsomee kwa sauti mtu asiyejua kompyuta na kumwuliza maswali mawili: tukio hili litakuja au laweza kuja, na wewe utafanya nini leo jioni? Majibu yakitofautiana kati ya lugha na lugha, arudi kwenye sentensi zake. Kazi hiyo yahitaji mwalimu wa kompyuta na mwalimu wa lugha wakae katika chumba kimoja, jambo ambalo ratiba za vyuo hazijalizoea. Orodha ya vitabu vya duka yaweza kungoja hadi wiki ya tano.