Maharage Yasiyokuwapo

Bakuli halipo, maharage hayapo, lakini jirani yangu anayachambua. Ameketi kwenye kiti cha ukumbi wa kanisa, katika mji mdogo wa Minnesota, na nje theluji imefika usawa wa madirisha. Mkono wa kushoto unashika, wa kulia unavunja ncha na kuvuta uzi hadi chini. Uzi unatupwa pembeni, haragwe linakatwa vipande viwili, vinaangukia mapajani. Kisha jingine. Nimemtazama jioni nyingi hata ninajua bakuli limejaa kiasi gani.

Mchezo ni Our Town wa Thornton Wilder, ulioonyeshwa kwanza Princeton mwezi Januari 1938, ukafika Broadway mwezi Februari na kupata Tuzo ya Pulitzer mwaka huohuo. Wilder alitaka watazamaji waingie na kukuta pazia halipo na jukwaa li tupu. Kisha zinaletwa meza mbili na viti. Baadaye ngazi mbili ndizo ghorofa za juu. Mhusika aitwaye Meneja wa Jukwaa anasimama mbele kama mtambaji wa hadithi, anaonyesha kwa kidole kanisa liko wapi na nyumba za akina Gibbs na akina Webb ziko wapi, na watu wa Grover's Corners, New Hampshire, wanaianza siku yao ya Mei 1901. Wanakoka moto katika majiko yasiyoonekana, na kuku wasioonekana wanalishwa.

Vikundi vya ridhaa kote Marekani vinaupenda mchezo huu, na sababu mojawapo ni kwamba haudai fedha za seremala wala za mchora mandhari. Wengi hudhani basi ni rahisi. Mimi nimeona gharama ilikohamia: imehamia mikononi.

Mazoezi huanza saa moja jioni, watu wakitoka kazini. Jirani yangu, muuguzi mstaafu, anaigiza Bi Webb. Wiki ya kwanza mwongozaji alileta maharage halisi, yale machanga yanayoliwa na maganda yake, akampa yeye na Bi Gibbs wayachambue huku wakisema maneno yao. Jioni mbili nzima alitazama vidole tu. Jioni ya tatu aliondoa maharage akaacha bakuli. Ya nne akaondoa na bakuli.

Hapo kazi ikaanza. Mazungumzo yakikolea, vidole vilisahau. Haragwe moja likawa fupi kama kidole, linalofuata refu kama upanga. Siku moja jirani yangu alimaliza maneno yake vizuri kabisa, akainuka, akaondoka. Mwongozaji akauliza kwa upole, "Bakuli umeliweka wapi?" Sote tukatazama sakafuni, na naapa niliyaona maharage yamemwagika. Alirudi, akaketi, akaanza upya. Safari hii alikusanya kwanza nyuzi kwenye aproni, akanyanyua bakuli kwa mikono miwili, akasita kidogo kwa sababu ya uzito, ndipo akasimama.

Muuza maziwa ni fundi magari, na huyo hakuhitaji kufundishwa uzito. Anaingia na kreti la chupa, bega moja limeshuka; akishagawa, bega linapanda. Nyuma ya jukwaa msichana wa shule ameshika chupa mbili za kweli na kuzigonganisha. Akichelewa nusu sekunde, kreti linakufa. Wiki tatu wamefanya kazi hiyo, yeye akichungulia kupitia upenyo wa mlango, akisoma mgongo wa fundi.

Nilikuwa nikijiuliza usumbufu wote huu ni wa nini, mpaka tulipofika sehemu ya tatu. Ni mwaka 1913. Viti vimepangwa kwa safu: ni makaburi, na wafu wameketi juu yake, watulivu, wanasubiri. Emily, binti wa Bi Webb, amekufa akijifungua. Anaomba kurudi siku moja tu, na anarudi asubuhi ya Februari 1899 alipotimiza miaka 12. Mama yuko jikoni anaandaa kifungua kinywa. Jirani yangu anapiga hatua zilezile tatu, anainama kwa goti lilelile, anatia kuni palepale. Jiko tulilolizoea bila kujua tumelizoea limerudi. Emily anaitazama ile mikono, anataka itue kidogo, na mikono haitui, maana ina kazi.

Mwaka 2009, New York, mwongozaji David Cromer alifunua katika onyesho hili jiko la kweli, nyama ya nguruwe ikikaangwa na harufu yake ikifika kwa watazamaji. Lilikuwa wazo kubwa na ninaliheshimu. Lakini baada ya majira haya ya baridi ninaamini mikono mitupu zaidi, mradi iwe imefanya kazi yake tangu haragwe la kwanza.

Usiku wa mwisho watu walipokwisha kutoka, tulibaki kurudisha viti mahali pake kwa ajili ya ibada ya asubuhi. Fundi magari alibeba vinne kwa mpigo, akakata jukwaa. Alipokaribia upande wa Bi Webb alipinda kushoto, akalizunguka jiko, akaendelea na safari yake.