Nadharia ya Jangwa Linalotembea

Madai kwamba Sahara inatembea kuelekea kusini kilometa 5.5 kila mwaka yamerudiwa mara nyingi kiasi kwamba wengi huyachukua kuwa ni sheria ya maumbile. Sisi tunashikilia kuwa madai hayo hayana msingi wa kisayansi, na kwamba kuyarudia bila uchambuzi kunawadhuru wale wale wakulima na wafugaji tunaosema tunawatetea.

Chimbuko lake linajulikana. Mwaka 1975 Hugh Lamprey, aliyewahi kuwa mkuu wa kwanza wa Chuo cha Wanyamapori Mweka, alikagua kaskazini ya Sudan kwa ndege na ardhini. Alilinganisha mpaka wa jangwa aliouona na ule wa ramani ya uoto ya mwaka 1958, akakuta tofauti ya kilometa 90 hadi 100. Gawanya kwa miaka 17, unapata 5.5. Lakini mpaka wa ramani ile ulikuwa umechorwa kwa kufuata kiwango cha mvua, na ukaguzi wa 1975 ulifuata miaka ya ukame mkali. Vitu viwili visivyolingana vilipimwa kwa rula moja. Hata hivyo, baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu kuenea kwa jangwa, uliofanyika Nairobi mwaka 1977, takwimu hiyo ilienea duniani pamoja na lawama yake: mifugo mingi mno, kuni nyingi mno, watu wengi mno. Ukoloni ulikuwa umekwisha kuyasema hayo kabla yake.

Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa mwaka 1972. Katika miaka ya 1980 Ulf Helldén na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walisoma picha zake za Kordofan na kwenda kuzihakiki shambani. Hawakuona jangwa linalopiga hatua mwaka hadi mwaka. Waliona mavuno na majani yakifuata mvua. Mwaka 1991 Compton Tucker na wenzake walitoa hesabu ya Sahara nzima: kilometa za mraba 8,633,000 mwaka 1980, na 9,982,000 mwaka 1984. Mwaka uliofuata mpaka wa kusini ulirudi nyuma kilometa 110. Basi mwenye kutaka kutisha watu angechagua 1984, na mwenye kutaka kuwatuliza angechagua 1985!

Lakini tusigeuke sasa tukaiabudu picha. Chombo hupima mwanga: majani mabichi hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga mwingine usioonekana kwa macho. Kinachopatikana ni kipimo cha ukijani. Kichaka cha miiba asichokula ng'ombe ni kijani vile vile. Wala picha haielezi nani anamiliki ardhi. Kusini ya Niger, mikoa ya Maradi na Zinder, picha zimethibitisha miti kuongezeka mashambani katika eneo la hekta zipatazo milioni 5. Sababu yake haimo ndani ya picha. Sheria iliyorithiwa kwa Wafaransa iliufanya mti kuwa mali ya serikali, na mkulima aliyeukata alitozwa faini; kwa hiyo aling'oa chipukizi mapema. Ubanaji huo ulipolegea tangu miaka ya 1980, wakulima waliitunza miche ya gao iliyochipua yenyewe, kwa jembe na kisu, bila kitalu cha mradi wowote.

Kwetu mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa, kilometa za mraba 1,256. Majani na miti vilirudi. Hilo hatulibezi. Lakini kaya zilikosa maziwa na samadi, na ng'ombe walihamishiwa kwenye malisho ya watu wengine. Afisa anayefungua picha za Kondoa ataona ukijani uliorudi, naye ataandika mafanikio. Hataona ng'ombe walikokwenda, wala malisho ya vijiji vilivyowapokea yalikuwaje miaka kumi baadaye. Tunadai picha za vijiji hivyo nazo zifunguliwe, na wazee wake waulizwe. Picha za Landsat hutolewa bure tangu 2008. Kada wa wilaya hahitaji kibali cha mfadhili kuzitazama.