Ulezi wa Kutazamwa

Mhakiki wa kitabu hukisoma kitabu, na mhakiki wa ngoma huitazama ngoma mpaka mwisho. Anayetaka kuhakiki maonyesho ya chakula ana wajibu mmoja zaidi: hana budi kula. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi wanaoyasifu maonyesho yetu ya wakulima huyasifu kwa macho tu. Huhesabu mabanda, humtaja mgeni rasmi, hustaajabia ukubwa wa mahindi yaliyopangwa mezani, kisha hurudi makwao. Ni wachache wanaouliza wananchi walikula nini siku hiyo, na chakula hicho kilikuwa cha nani.

Sikukuu ya wakulima, ambayo zamani ilikuwa Saba Saba na baadaye ikahamishiwa tarehe 8 Agosti, ni sherehe ya chakula kuliko zote tulizo nazo. Mwaka mmoja wa karibuni niliihudhuria kutwa nzima pamoja na rafiki zangu wawili, walimu wastaafu kama mimi. Mmoja alifundisha Jiografia. Mwingine ni mama aliyefundisha Sayansi Kimu chuoni kwetu, na mkono wake katika mapishi hauna mfano. Uwanja sitautaja, maana tuliyoyaona pale yangeweza kuonekana katika viwanja vingi vya Nyanda za Juu Kusini. Tuliafikiana tangu asubuhi kwamba hatutabeba chakula chochote. Tutakula kwenye vibanda vilivyojipanga njiani, tukianza na chai na kumaliza na mishikaki ya jioni.

Nianze na sifa, kwani haki huanza nazo. Njia ile ya vyakula ilikuwa na uhai kuliko banda lolote la maonyesho. Kijana wa chipsi mayai alivunja yai kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukitikisa kikaango, wala hakumwaga tone. Migebuka kutoka Ziwa Tanganyika ilikuwa imekaangwa vizuri, nje kavu na ndani laini, na yule mama wa Sayansi Kimu, ambaye si mwepesi wa kusifu, alikula wawili. Aidha, benchi la mama lishe halina daraja la kwanza wala la pili. Ofisa mwenye tai alikaa bega kwa bega na mchunga ng'ombe, wakapokezana kikopo cha chumvi. Sherehe nyingi za serikali hazifanikiwi kuwakalisha watu hivyo.

Kasoro ilijitokeza mchana. Asubuhi, katika banda moja la kilimo, tulikuwa tumeuona ulezi. Ulikuwa umewekwa katika mitungi midogo ya kioo, kila mmoja na karatasi yenye jina la mbegu, na bwana shamba kijana akatueleza kwa ufasaha jinsi unavyostahimili ukame na jinsi unavyokaa ghalani miaka mingi bila kuharibiwa na wadudu. Tulimshukuru, tukatoka na hamu. Tukavipitia vibanda vya chakula vyote, tukahesabu 19. Kulikuwa na wali, pilau, chipsi, kuku, ndizi za kuchoma na ugali mweupe wa sembe kila mahali. Katika kibanda cha mwisho nilimwuliza mpishi.

"Shikamoo, babu," alinitangulia.

"Marahaba, mwanangu. Ugali wa ulezi upo?"

"Ulezi, babu? Labda uji, nao ni asubuhi. Ugali wake nikipika utanilalia. Watu hawauulizi."

Hilo ndilo jibu ninalotaka kulihakiki. Sina ugomvi na mama yule. Yeye amekopa mafuta na mkaa, amelipia nafasi, na hawezi kupika chakula kitakacholala. Ninayemhoji ni mwandaaji wa sherehe: inakuwaje zao lisifiwe mezani asubuhi, na mchana lisiwepo sahanini, hatua mia mbili tu kutoka pale?

Kwa msomaji asiyeijua Ufipa, ninaongezea kidogo. Kwetu, kabla ya mahindi kutawala, ugali ulikuwa wa ulezi. Mvua zilipokaribia mwisho, wazee walikata majani na kuyafukia katika matuta ya mviringo ili yaoze. Juu yake walipanda maharage, na msimu uliofuata walilitawanya tuta na kusia ulezi katika udongo ule uliorutubika. Hiyo ndiyo iliyokuwa mbolea ya nyanda zetu kabla ya mifuko ya viwandani. Kisha ikaja miaka ya 1970. Serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, na mkulima wa Sumbawanga akalipwa sawa na mkulima aliye karibu na Dar es Salaam, ingawa gari la kuyabeba lilikuwa na safari ndefu. Mbolea ilipunguzwa bei. Rukwa, Ruvuma, Iringa na Mbeya zikajulikana kama mikoa minne inayolilisha Taifa. Mahindi yalileta fedha, na fedha hizo zililipa ada, zikaezeka nyumba kwa bati. Siwezi kuyatukana. Na palizi ya ulezi, nawaambia waliozaliwa juzi, ni kazi ya kuvunja kiuno, maana magugu yake hufanana nao mpaka unapotoa kishada.

Lakini angalieni ulezi ulikoishia. Kwa walio wengi umebaki uji wa mtoto mchanga na wa mgonjwa, na umebaki kimpumu, ile pombe yetu inayoongezewa maji ya moto na kunyonywa kwa mrija. Yaani umeachiwa wasio na meno na walio na kiu. Mtu mzima mwenye afya na njaa ya mchana hana tena ulezi wake.

Tulibishana juu ya jambo hili tukiwa benchini. Mwalimu wa Jiografia alinipinga. Alisema chakula husafiri na ladha hubadilika, na kwamba hata mahindi ninayoyaita ya baba zetu, pamoja na muhogo, asili yake ni Amerika. "Mwalimu," aliniambia, "chipsi za leo zitakuwa mila za wajukuu wako. Unataka kumwamuru nani ale nini?" Hoja ni nzito. Ila ni yeye huyo aliyetukumbusha kwamba ulezi ulianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, ndipo ukavuka bahari mpaka India. Huko katika jimbo la Karnataka hufinyangwa kuwa matonge makubwa, ndugu wa damu wa ugali wetu, na huuzwa kwenye vihoteli vya mjini bila haya yoyote. Ni India pia iliyopendekeza hata Umoja wa Mataifa ukautangaza mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka za jamii hii. Wageni wameifanya mbegu yetu kuwa chakula cha mezani, sisi tumeitia kwenye mtungi wa kioo.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Bustani ya Forodhani, Unguja, ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009. Kila jioni wauzaji hupanga pweza, mishikaki, urojo na maji ya miwa. Wako wanaolalamika kwamba bei zake humtazama mtalii, na lawama hiyo ina uzito. Hata hivyo, anayekula pale anajua yuko Unguja. Hata ile wanayoiita pizza, chapati iliyokunjwa na nyama na yai, imechukua jina la ugenini ikapikwa kwa namna ya kwao. Katika njia yetu ya vyakula, ukimfumba mtu macho ukamlisha, hatajua kama yuko Nyanda za Juu au stendi ya basi popote nchini. Migebuka peke yake ndiyo ingemwambia.

Msomaji ataniuliza kama haya si malalamiko ya mzee anayetamani ujana wake. Nitamjibu kwa takwimu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Rukwa zaidi ya nusu ya watoto wenye umri wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, ilhali wastani wa nchi ulikuwa kama theluthi moja. Mkoa unaojaza maghala ya Taifa ndio uliokuwa na watoto waliodumaa kuliko mikoa mingine. Sababu za udumavu ni nyingi, zikiwamo maradhi, maji machafu na kazi zinazomwelemea mama, wala sidai kwamba sahani ya ulezi itaziponya zote. Lakini mama wa Sayansi Kimu alinikumbusha alichokuwa akikifundisha: ulezi una kalsiamu zaidi ya mara kumi ya ile ya mahindi. Mkoa wenye shida kama hiyo hauna sababu ya kuiona nafaka hiyo kuwa pambo. Lugha yetu yenyewe iliunganisha mambo haya mawili, ikaita nafaka kwa jina lile lile la kazi ya kulea.

Kwa hiyo, hukumu yangu ni hii. Kwa ukarimu, kwa ustadi wa mikono na kwa kukalisha watu pamoja, njia ile ya vyakula ilistahili alama za juu, na waliozichuma ni wapishi wenyewe. Kwa kufundisha, sherehe ilianguka. Nimetumia miaka mingi kuwafunza walimu kwamba zana ya kufundishia isiyoguswa na mwanafunzi huwa mapambo ya darasa. Mtungi wa kioo humfundisha mtoto kwamba ulezi ni kitu cha kale, cha kutazamwa na kuachwa. Rafiki yangu wa Jiografia ana haki ya kukataa kuamuru watu wale nini, nami siamuru. Lakini mtu hawezi kuuliza chakula ambacho hakipo, na mpishi hawezi kupika kisichoulizwa. Mzunguko huo lazima auvunje mwenye uwezo wa kupata hasara ya siku moja, naye si mama lishe.

Gharama yake si kubwa. Fedha ya mahema mawili ya wageni rasmi ingetosha kuwanunulia wapishi wachache debe kadhaa za unga wa ulezi, wapike na maharage na migebuka, wauze kwa bei ya sembe. Na mgeni rasmi, kabla ya kupanda jukwaani kuusifu, apelekwe benchini akale tonge lake mbele ya watu.